Hiyo Swichi Mnayozima Usiku Ndiyo Inaua Piano Yenu

Leo sina utani. Kama ulikuja kucheka, rudi kwa ile posti ya makanga na chenji, bado iko.

Mwaka jana mwezi wa saba msichana wa miaka 14 alilia mbele yangu, na hiyo kitu imekataa kunitoka. Alikuwa anafanya mtihani wa piano katika ukumbi mmoja hapa Mombasa. Mimi nilikuwa mlangoni, kazi yangu kuita watahiniwa mmoja mmoja na kuwatuliza. Wimbo wake wa kwanza nilikuwa naujua kichwani, maana tuliufanyia mazoezi wiki nyingi. Nikawa nasikiliza kupitia mlango. Alianza poa, akapanda, halafu katikati noti moja ikalala. Alibonyeza ikashuka, ikakataa kurudi juu. Kila alipopita hapo kulikuwa na shimo, kama mtu anaongea na jino moja limetoka. Alimaliza kwa sababu ni jasiri. Alipotoka nje akaniuliza, "Dada, ni mimi nimebonyeza vibaya?"

Haikuwa yeye. Ilikuwa ni ofisi ya huo ukumbi, na leo nasema vile walifanya.

Kwanza mjue mimi ni nani kwa hii stori. Nina miaka 23. Nacheza piano kwa harusi na kwa hoteli, na siku hakuna shoo nambebea mzee mmoja vifaa. Huyo mzee ni fundi wa piano, ametyuni piano za Pwani hii tangu kabla sijazaliwa. Namwita Mzee, yeye ananiita binti, na ndiye alinifunza kulala sakafuni chini ya piano na tochi mdomoni. Kwa hivyo nikiongea kuhusu matumbo ya piano, nimeyaona na nimemeza vumbi lake.

Wiki moja baada ya ule mtihani tuliitwa. Piano yenyewe ni grandi, ile kubwa ya kulala yenye miguu mitatu. Ililetwa na kontena kutoka Uingereza, ikapokelewa kwa hotuba, utepe na picha za wakubwa wakiwa wameweka mkono juu ya kifuniko. Wameiweka jukwaani chini ya AC mbili. Mzee akatoa kipima unyevu chake, kikasoma asilimia 78. Akapiga noti nne, akanyamaza. Mzee akinyamaza ujue kuna kitu.

Nikaingia chini. Na huko chini, wasee, nikapata mfumo mzima wa kudhibiti unyevu umeshafungwa. Fito za joto ziko, tangi la maji liko, hyumidistati iko, waya zimepangwa safi. Nikafuata waya hadi ukutani. Plagi imo ndani ya soketi. Swichi ya soketi imezimwa.

Tukamuuliza soja. Akajibu bila kuficha, maana yeye hana makosa: "Madam, ofisi ilisema tukifunga tuzime soketi zote. Stima inaliwa." Na asubuhi mnawasha? "Tunawasha ya taa na ya spika. Hiyo ingine hatujui ni ya nini."

Hawajui ni ya nini. Ile mashine imening'inia pale zaidi ya mwaka ikiwa maiti, na hakuna mtu kwenye jengo lote aliyeambiwa kazi yake. Pesa ya kununua ilikuwepo. Pesa ya kufunga ilikuwepo. Sentensi moja ya kumwambia soja ndiyo ilikosekana.

Sasa kuna wale tayari wananiandikia kwamba nalilia kitu cha matajiri, eti unyevu tu. Haya, njooni tuongee kuhusu unyevu tu.

Ndani ya piano kuna ubao wa sauti. Ni mbao nyembamba, unene wake milimita nane hivi, mara nyingi ya mti wa spruce, jamii moja na misonobari. Umepindwa kidogo kwenda juu kama kifuniko cha sufuria. Juu yake zimepita nyuzi za chuma kama 230, na ukijumlisha mvuto wa hizo nyuzi zote unapata kama tani 18 hadi 20. Lori lililojaa mchanga, limening'inia kwa fremu ya chuma, na linaegemea kambao kembamba hivyo. Hewa ikijaa unyevu, ubao unavimba, unainuka, unasukuma daraja la nyuzi, nyuzi zinakazika, sauti inapanda. Hewa ikikauka, ubao unarudi chini na sauti inashuka. Na haipandi yote pamoja kama lifti. Nyuzi za katikati zinahama zaidi ya zile za pembeni, ndiyo maana piano ya Mombasa mwezi wa tano inasikika kama kwaya mbili zilizogombana.

Hiyo ni sauti tu. Kila kitufe kina vitambaa vidogo vya sufu pale kinapozunguka, na sufu nayo inakunywa maji. Inavimba, inabana, kitufe kinalala. Ndiyo noti ya yule msichana. Na huku kwetu kuna chumvi ya bahari, kwa hivyo nyuzi zinashika kutu mapema. Mbao ikivimba na kukauka, kuvimba na kukauka, miaka inavyoenda inapasuka. Ufa wa ubao wa sauti hauondoki kwa kutyuni. Wakati mwingine ubao unalia tu.

Mafundi wengi wanataka unyevu ukae kati ya asilimia 40 na 50, na kikubwa zaidi ni usirukeruke.

Na dawa yenyewe? Watu wa Pwani tunaijua zamani sana. Nyanya yangu kule Kisauni alikuwa na balbu ndani ya kabati la nguo, inawaka mchana na usiku, ili leso zake na viatu vya ngozi visishike kuvu. Nilidhani ni mambo ya wazee. Kumbe ni fizikia. Balbu haiondoi maji popote. Inapasha hewa joto kidogo, na hewa yenye joto inaweza kubeba maji mengi zaidi, kwa hivyo maji yaleyale yanakuwa asilimia ndogo. Mbao inafuata hiyo asilimia. Fito za joto chini ya grandi ni balbu ya nyanya iliyonyooshwa. Tofauti ni kwamba imeongezewa akili: hyumidistati inapima unyevu karibu na ubao, ukizidi inawasha fito, ukishuka inazima. Basi. Mtu akikuuzia kwa kusema "inanyonya maji", muulize hayo maji yaliyonyonywa yanatokea wapi. Atakohoa.

Mfumo unaojulikana zaidi duniani ni wa Dampp-Chaser, kampuni ya Marekani iliyoanza 1947. Hii si siri ya NASA. Ni kitu kipo tangu kabla ya uhuru wetu.

Sasa nirudi kwa makosa ya pili, ambayo kwangu ni mabaya kuliko swichi, kwa sababu hayo yalifanywa na mtu aliyelipwa. Aliyechagua mfumo wa ule ukumbi alinunua seti kamili, yenye tangi la kuongeza unyevu. Mombasa! Mtu alikaa chini, akafikiria, akaona kwamba hewa ya Mombasa inahitaji kuongezewa maji. Alikopi tu vile wanafanya kule kwenye baridi, ambako wakiwasha hita za nyumba msimu wa theluji hewa inakauka kama biskuti na tangi linaokoa piano. Huku tangi lilikuwa pambo. Halafu siku za mwanzo walilijaza maji ya kisima, yale yenye chumvi, na chumvi ikabaki kwenye vile vitambaa vya kufukizia mpaka vikawa vigumu kama gamba.

Kuchagua huu mfumo hakuanzi kwa katalogi. Kunaanza kwa chumba. Kipima unyevu kidogo cha dijitali kinauzwa bei ya viatu vya mtumba. Kiweke ndani ya piano, andika namba asubuhi na jioni, usichague kitu kabla ya wiki kadhaa. Sisi tulipima miezi miwili. AC zikiwa zimezimwa namba zilicheza kati ya 62 na 84. Usiku wa shoo, AC zikifanya kazi, zilishuka hadi 51. Hazikuwahi kufika 45. Hapo huhitaji profesa: ondoa tangi, ongeza fito, na funga kitambaa cha chini.

Hicho kitambaa ndicho watu huruka ili kupunguza gharama, na kwa grandi ni kosa. Tumbo la grandi liko wazi kabisa kwa chini. Ukiweka fito halafu AC inapuliza jukwaani, joto lako linapeperuka, unapasha ukumbi. Kitambaa kinafunika tumbo, joto linabaki pale ubao ulipo.

Kufunga kwenyewe tulimaliza kabla ya saa ya chakula. Fito zinaning'inizwa kwenye mihimili ya mbao iliyo chini, zisiguse ubao wa sauti. Hyumidistati unaiweka mbali nazo. Ukiiweka kando ya ufito wa moto itasoma joto lake yenyewe, itadhani kumekauka, itazima mapema, na wewe utakaa ukishangaa mbona hakuna kilichobadilika. Kile kidude cha taa unakifunga chini ya ukingo wa mbele, karibu na mchezaji, ili taa ya kijani ionekane bila kutambaa. Halafu hutyuni siku hiyo. Ofisi ilikasirika hapo, walitaka piano ya Jumamosi. Mzee akawaambia mbao haina haraka ya Jumamosi. Tulirudi baada ya wiki tatu, ubao umetulia, ndipo akatyuni.

Na swichi? Tulimleta fundi wa stima, akaondoa ile soketi yenye swichi, akaweka kituo kisicho na swichi. Ofisi wakauliza kama ni lazima. Ndiyo, ni lazima, kwa sababu tumewaona. Mfumo huu unafanya kazi saa 24 au haufanyi kazi. Stima ikipotea saa tatu hakuna shida, mbao ni mzito kubadilika. Mkizima kila usiku mwaka mzima, hiyo si stima kupotea. Na kuhusu "stima inaliwa": hizo fito zetu zote kwa pamoja hazifikii wati mia moja, na haziwaki muda wote. Hizo AC mbili zinazowapuliza wageni wenu wa heshima mnajua zinakula kiasi gani?

"Lakini AC tunayo, si inakausha?" Hii nimeisikia kwa kila ukumbi na kila hoteli kuanzia Mtwapa hadi Diani. AC inakausha ikiwa inafanya kazi. Nyinyi mnaiwasha saa kumi na mbili jioni wageni wakiingia, mnazima saa tano usiku, na asubuhi piano imeamka kwenye 80. Usiku ujao tena. Mnaizungusha mbao kama chapati. Afadhali piano iliyokaa kwenye 65 mwaka mzima kuliko hiyo bembea yenu.

Kuna pia wale wa "nunua keyboard mambo yaishe". Hao siwezi kuwapiga sana, kwa sababu wana pointi. Mimi nilijifunza kwa keyboard ya mtumba yenye vitufe viwili vimekufa, na kama taasisi haiko tayari kutunza mbao, piano ya dijitali ni chaguo la heshima. Sitacheka mtu. Ninachokataa ni kuchukua grandi kwa sababu inapendeza kwa picha, kuiacha ioze, halafu kuweka mtoto mbele yake na kumpa alama. Chagua moja. Unataka piano au unataka fanicha?

Na kwa kuwa leo nimeamua kukosana na kila mtu, wacha niguse wenzangu. Mafundi, tunajua. Piano isiyo na kidhibiti unyevu inahitaji kutyuniwa kila baada ya miezi michache, na kila tukiitwa tunalipwa. Huo ukumbi ulituita mara tano mwaka mmoja. Mara tano! Na ni mara ya tano ndipo mimi niliingia chini na kuona waya. Mara nne tulikuja, tukatyuni, tukapokea pesa, tukaenda. Nilimuuliza Mzee tukiwa njiani, "Mzee, mbona hatukuangalia?" Akatembea kidogo, akasema, "Binti, hatukuangalia kwa sababu tuliitwa kutyuni." Hakujitetea zaidi, na mimi pia sijitetei, tochi nilikuwa nayo hizo mara zote nne. Lakini mkitaka kujua kwa nini mafundi wengine hawawaambii wateja kuhusu huu mfumo, jibu liko kwenye hizo mara tano.

Wasee wa Nairobi, msinikopi. Huko juu, karibu mita 1,700 na kuendelea, hewa yenu ina tabia mbili. Mwezi wa nne mvua inapiga, nguo zinakaa kwa kamba siku tatu. Januari na Februari alasiri midomo inapasuka na mnatafuta mafuta ya kupaka. Piano inapitia hayo yote bila mafuta. Kwenu tangi linaweza kuwa na maana, lakini pimeni kwanza. Na mkiweka tangi, mmeweka pia kazi ya mtu. Taa ya njano ikianza kumemeta, maji yameisha, mtu ajaze, safi yasiyo na chumvi, pamoja na ile dawa ya kulinda vitambaa. Msiseme "tutajaza". Tutajaza hana jina, hana simu. Andikeni jina la mtu mmoja, likae ndani ya kiti cha piano.

Na ile chupa ya maji ambayo watu wengine wanaficha ndani ya piano msimu wa kiangazi, toeni leo. Haina kidhibiti, inamwagika, na mtakuja kunilipa kung'oa kutu.

Jambo la haraka kwa wale wenye binamu Marekani wanaotaka kuletewa mfumo kwa sanduku: angalieni volteji. Kule ni 120, hapa kwetu ni 240. Kuna matoleo ya 240, agizeni hayo. Kuchomeka ya 120 moja kwa moja kwa ukuta wa Kenya ni kuchoma pesa, na hapa chini ya mbao kavu sisemi kwa mafumbo. Bei zenyewe ni mamia ya dola ukijumlisha vifaa na kazi, bado usafiri na ushuru. Ndiyo, ni pesa. Lakini grandi mpya ni mamilioni ya shilingi, na ile yenu ya kupewa bure ilikula kontena, ushuru, crane, na chakula cha siku ya utepe. Mlipata pesa ya biriani mkakosa ya fito.

Hili si jambo la wazungu pia, tafadhali. Kenya Conservatoire of Music imekuwepo Nairobi tangu 1944. Watoto wetu wanafanya mitihani ya piano kila mwaka, wanalipiwa ada na wazazi ambao wengine wanauza mahamri. Piano ilishakuwa yetu. Kutunza ndiko bado tumeacha kwa wengine.

Yule msichana ameanza tena mazoezi kwenye ukumbi uleule. Alhamisi iliyopita kabla ya kukaa aliinama akaangalia kama taa ya kijani inawaka, kisha akabonyeza ile noti mara sita mfululizo. Ikarudi juu mara sita.

Ada ya mtihani wa pili ameshalipiwa, na mama yake, kwa awamu mbili. Nimeiandikia ofisi ya ukumbi mara tatu nikiwauliza kama watamrudishia hiyo pesa. Barua mbili zimepokelewa kwa mhuri. Ya tatu niliambiwa niiache kwa soja.